Mwenye Duka Yuko Chini ya Meza

"Siingie ku dirisha tena! Leo njo mwisho!" alifoka Viateur, na tayari mguu wake mmoja ulikuwa umeshapita dirishani.

"Basi pita ku mulango," akajibu mke wake Euphrasie kutoka ndani ya duka, mtoto mgongoni, ufagio mkononi. "Mulango iko wazi. Batu bote banapita pale. Hata mbuzi ya Kanyamibwa ilipita jana."

"Ku mulango kuko mama yako!"

"Amekaa tu. Kukaa ni dhambi?"

"Amekaa juu ya mufuko yangu ya chumvi, katikati ya njia! Euphrasie, leo njo siku ya soko. Marcellin anakuja na kamio. Umuambie mama yako arudi kwao Walikale. Ulimuita akusaidie kuzaa. Ulizaa. Sasa mutoto iko na meno!"

"Meno mbili."

"Mbili ya chini na mbili ya juu!"

"Ah, sasa unahesabu meno ya mutoto. Hesabu sabuni zako, baba. Zile njo hazitembei."

Kutoka mlangoni ikasikika sauti nzito ya mwanamke mzee. Hakugeuza kichwa. Alikuwa amewapa wote wawili mgongo, macho yake yakiangalia milima na ng'ombe wa watu.

"Adelaïde," alimwambia mjukuu wake, "ambia baba yako, mutu akilalia dirisha vile, tumbo litamuuma. Aingie ao atoke."

"Adelaïde," akajibu Viateur, huku suruali yake ikinasa kwenye msumari, "ambia nyanya yako aksanti."

Adelaïde, mwenye meno manne na asiyejua neno hata moja, alilamba kidole chake.

Hivyo ndivyo walivyozungumza, Viateur na mama mkwe wake, Mama Elisabeth, tangu alipofika kutoka msituni na kikapu chake. Kwa desturi, mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni, hawasemezani uso kwa uso, hawapeani kitu mkononi, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Viateur, alipokuwa mwalimu wa shule ya misioni, alikuwa amewafundisha watoto kwamba hayo ni mambo ya wapagani. Alikuwa amechora hata picha ubaoni. Na kichwa chake kiliamini kila neno, maana kilikuwa kimebatizwa vizuri. Miguu ndiyo haikubatizwa. Ikisikia tu kikohozi cha Mama Elisabeth, ilikimbia bila kumuuliza mwenyewe.

Tena alikuwa amelijenga duka hilo kwa mikono yake, la miti na udongo, na akaliwekea mlango mmoja tu ili mwizi asipate njia ya pili. Hakufikiria kwamba yeye ndiye angeihitaji.

Suruali ikachanika. Viateur akaangukia ndani, juu ya majembe.

"Umeingia," akasema Euphrasie. "Bonjour."

* * *

Shida yenyewe haikuwa ya kucheka, ingawa watu wote wa soko walikuwa wakicheka. Bidhaa zote zilizokuwa dukani hazikuwa za Viateur. Zilikuwa za tajiri mmoja wa Goma, na Marcellin, dereva wa tajiri huyo, ndiye aliyezishusha pale baada ya Krismasi kwa maneno mafupi: nikirudi nikikuta zimeuzwa, naongeza, nikikuta zimekaa, napakia yote narudi nayo. Bila bidhaa hizo hakuna duka. Bila duka, Viateur angerudi misioni kuomba kazi yake ya zamani kwa Polycarpe, mkuu wa shule, ambaye siku alipoondoka alimwambia mbele ya walimu wote, "Tutakuwekea chaki yako."

Mtu aliyeambiwa hivyo, heri alale njaa mwaka mzima kuliko kurudi.

Ila kuuza hakujua. Sema hakujua hata kidogo. Asubuhi ile Mama Elisabeth alipoondoka mlangoni kwenda kuchota maji, Viateur alisimama nyuma ya meza, akajifuta vumbi, akawapanga wanunuzi mstari mmoja kutoka mfupi hadi mrefu. Mbele alisimama Drocella, mke wa Kanyamibwa, mwanamke wa mdomo, ambaye kwa ufupi wake alikuwa wa kwanza na hakufurahia sababu.

"Papa Mwalimu, nipatie chumvi."

Viateur akachota kikombe cha chumvi. Akachukua rula, rula ileile ya shule, akaipitisha juu ya kikombe mpaka chumvi ikalala sawa kama meza. Akamwaga katika kitambaa cha Drocella.

Drocella akaangalia chumvi. Akamwangalia Viateur. Akangoja.

"Kuna nini?"

"Matabisi," akasema Drocella. "Ya juu kidogo."

"Umelipa kikombe moja. Umepata kikombe moja. Moja ni moja."

"Najua moja ni moja, Papa Mwalimu. Mimi si mutoto. Lakini mutu anaongeza ya juu kidogo, njo mwenzake anajua anapendwa."

"Mimi minauza chumvi. Siuze mapendo."

"Njo inaonekana," akasema Drocella. Akamwaga chumvi yake kikombeni, akachukua faranga zake, akatoka. Mstari wote ukageuka kumfuata, kutoka mfupi hadi mrefu, kwa utaratibu mzuri sana.

Euphrasie alikuwa amesimama pembeni akitazama. Yeye angeuza, lakini alishajaribu, akagombana na nusu ya soko, na nusu nyingine ikaogopa kuja.

"Bravo," akasema. "Leo umefundisha."

"Batarudi."

"Banaenda kwa Muarabu wa barabarani. Anauza bei ya juu, lakini anaongeza ya juu kidogo. Viateur, Marcellin akija akute hizi sabuni zimejipanga kama batoto ya komunyo ya kwanza, tutafanya nini? Mimi sirudi mu nyumba ya misioni! Kila mara nikipika nyama, bibi ya Polycarpe anakuja kuomba moto, anachungulia chungu!"

Alitaka kuendelea, na alikuwa na mengi, lakini nje kulisikika kikohozi. Mama Elisabeth alikuwa amerudi na maji, na safari hii hakukaa mlangoni. Aliingia moja kwa moja.

Dirisha lilikuwa mbali. Miguu ya Viateur ikaamua. Akatoweka chini ya meza ya duka.

* * *

Meza ile ilikuwa ya mbao nzima mbele, kwa hiyo mtu aliyekuwa nje hakuona kitu. Nyuma ilikuwa wazi, na huko alijikunja Viateur kati ya galoni ya petroli na sanduku la viberiti, magoti yakigusa masikio. Mama Elisabeth alizunguka, akaona kisigino cha mkwewe, akavuta haraka kikwembe chake juu ya uso, akageukia upande wa wanunuzi. Kwa namna hiyo heshima ilisalimika. Lakini sasa mama alikuwa amesimama penye uwazi, na Viateur hakuweza kutoka bila kupita miguuni pake. Akafungwa humo.

"Mutoto abaki hapa chini," akasema Euphrasie kwa hasira, akamweka Adelaïde sakafuni, akaenda kumrudisha Drocella.

Alimrudisha. Alimvuta mkono, na nyuma ya Drocella wakaja wengine kuona anavutwa kwa nini.

"Ehee, mwanangu!" Mama Elisabeth akapaaza sauti, kana kwamba Drocella alimzaa yeye mwenyewe. "Umebeba nini usoni hivi? Nani amekukasirisha? Lete kitambaa!"

Akachota chumvi. Hakutafuta rula. Kikombe chake kilikuwa pungufu kidogo, kila mtu aliona, lakini kisha akarudisha mkono katika mfuko wa chumvi akaongeza kipande juu. Akaangalia uso wa Drocella. Akaongeza tena kipunje kimoja, kidogo kuliko kucha, kwa madaha makubwa.

"Hii njo ya mutoto," akasema.

Drocella akacheka mpaka akaonyesha magego. Akanunua sabuni. Akanunua na kiberiti, ambacho hakukihitaji.

Chini ya meza Viateur alikuwa akikadiria. Kikombe pungufu, kisha kipande, kisha kipunje: jumla kikombe kimoja, hakuna zaidi. Alishangaa. Akaanza hata kufurahi, mpaka aliposikia mwanamume mmoja akiuliza bei ya taa ya petroli na Mama Elisabeth akijibu bila wasiwasi, "Faranga tano, baba, na utambi minakupa bure."

Taa ilikuwa faranga sitini. Tano ilikuwa bei ya utambi. Mama huyu alijua watu, bei hakuzijua. Kwao kitu kilibadilishwa na kitu, kuku kwa chungu cha mawese, nyama kwa ndizi.

"Adelaïde!" ikalia meza.

Vichwa vyote vikageukia meza.

"Adelaïde, ambia nyanya yako taa ni makumi sita! Utambi njo tano!"

Mwanamume mwenye taa aliruka nyuma. Drocella akashika kifua. Mama Elisabeth peke yake hakushtuka. Aliendelea kuangalia mbele.

"Adelaïde," akasema kwa utulivu, "ambia baba yako nimesikia. Bwana, taa ni makumi sita, lakini juu ya macho yako mazuri utambi minakupa bure."

"Adelaïde, utambi si bure!"

"Adelaïde, ambia baba yako anyamaze, mutu anatoa faranga."

Na kweli alikuwa akizitoa. Alikuwa akicheka hata machozi yanamtoka, lakini alizitoa zote sitini, kwa sababu alitaka kwenda kumsimulia mke wake habari ya meza inayosema.

Habari ikatembea sokoni haraka kuliko moto katika majani makavu. Watu wakaacha maharagi yao chini. Waliingia kumi kumi kununua kitu chochote, alimradi wasikie. Wengine waliuliza bei ya jembe kwa makusudi, wakijua Mama Elisabeth atakosea na meza itapiga kelele. "Mama, hii bakuli ni ngapi?" "Moja tu, mwanangu." "ADELAÏDE!" Na wote hoi. Sabuni zikaondoka. Majembe yakaondoka. Kikwembe chekundu ambacho hakuna aliyekitaka tangu Krismasi kiligombaniwa na wanawake wawili. Adelaïde mwenyewe alikuwa ametambaa hadi chini ya meza, amemkalia baba yake miguuni, akila karatasi ya viberiti, na kila jina lake lilipotajwa alipiga makofi.

Euphrasie alisimama mlangoni kuzuia watu wasivunje ukuta. Alitaka kukasirika, akashindwa. Akacheka akiwa ameshika kiuno, kama msichana.

* * *

Honi ililia nje. Lori la Marcellin lilikuwa limefika, na mbele, kando ya dereva, alikuwa ameketi Polycarpe amevaa kaputula yake nyeupe na soksi ndefu. Hakuwa na kazi sokoni siku ile. Alikuja kuona.

Watu wakawapisha. Marcellin, mtu mnene mwenye kofia ya ngozi, akaingia akaangalia huku na huku.

"Mwenye duka iko wapi?"

 Watu walianza kuangalia juu darini, kama kanisani.

"Nauliza, Viateur iko wapi?"

Adelaïde akapiga makofi chini ya meza. Polycarpe alisogea, akazunguka meza upande wa pili, akainama kwa taabu kwa sababu ya kaputula, akachungulia.

"Bonjour, mwenzangu," akasema. "Njo hapa ofisi yako?"

Hapo kicheko kilibadilika. Mpaka wakati ule watu walicheka pamoja na Viateur, maana hawakumwona. Sasa walimcheka yeye. Viateur alitaka kutoka, akashindwa: miguu ya mama mkwe ilikuwa bado pale mbele. Mama Elisabeth akaelewa. Akajifunika kichwa chote kwa kikwembe, akageukia ukuta, akabana mwili wake pembeni mpaka akawa mwembamba kama fimbo. Viateur akatoka kwa magoti, akimburuta mtoto. Akasimama. Nywele zilikuwa na chumvi, suruali imepasuka nyuma, na waliokuwa wanafunzi wake walikuwa wamejaa dirishani.

"Lundi, siku ya kwanza ya juma, kengele inalia," akasema Polycarpe, tena kwa upole, na upole ule ndio uliouma. "Chaki iko. Ubao iko. Kule kwetu mwalimu anasimama mbele ya batu."

 Jibu lilitoka ukutani.

"Adelaïde," ukasema ukuta, "ambia huyu baba wa soksi: baba yako alitoka kwake na miguu yake. Hakufukuzwa. Na mutoto wangu hatarudi mu nyumba ya misioni kuomba ruhusa ya kuchinja kuku."

"Nani huyu?" akauliza Marcellin.

"Mama mukwe," akasema Euphrasie. "Njo anauza."

"Na yeye?"

"Yeye njo anajua bei."

Marcellin akapita karibu na mbao za bidhaa. Zilikuwa tupu. Akapitisha kidole mahali palipokuwa na sabuni, akanusa kidole. Akafungua sanduku la faranga, akalifunga tena haraka kama mtu aliyeona mwanga mkali.

"Sasa munisikilize," akasema. "Mimi sina shida na desturi. Niko na mama mukwe Rutshuru. Nikisikia jina lake natokwa na jasho. Lakini nikimuambia tajiri kwamba duka lake moja linauzwa na batu wawili basioweza kuangaliana, mumoja ukutani, mumoja chini ya meza, atasema nimelewa kasiksi. Meza moja, mutu moja. Amueni. Nikishapakua, nawasha motere nashuka Walikale."

"Ile ni nyepesi," akasema Polycarpe. "Kamio inashuka Walikale? Mama apande. Kesho iko kwake."

Hakuna mtu aliyecheka.  Mama Elisabeth aliondoka ukutani, uso umefunikwa bado, akaenda kuchukua kikapu chake nyuma ya nyumba. Aliporudi alisimama nje kando ya gurudumu la lori, akiangalia barabara. Hakulia wala hakulaumu. Alikuwa amekuja kwa ajili ya uzazi, na uzazi ulikwisha. Kila mtu alilijua hilo.

Euphrasie akamwangalia mume wake. 

Viateur alikuwa amepewa kile alichokiomba tangu alfajiri, tena bila nauli. Akaenda nyuma ya meza yake. Akasimama wima, mlango wazi mbele yake, hakuna wa kumkimbia. Watu wa Marcellin waliingiza mifuko mipya ya chumvi. Drocella, ambaye alikuwa amemaliza faranga zake akaenda kukopa nyingine, akaja na kitambaa.

"Papa Mwalimu, nipatie chumvi."

Viateur akachota. Akaacha rula. Akaongeza kipande juu, akajaribu kutabasamu, akasema kwa shida, "Hii njo ya mutoto."

Drocella akamtazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Mimi sina mutoto mudogo," akasema.

Viateur akaweka kikombe chini.  Kisha akavua koti lake, akalikunja, akaliweka kwapani, akatoka mlangoni. Akazunguka lori upande wa pili ili asipite mbele ya mama mkwe.

"Marcellin! Kule Mubi, upande wa Walikale, mawese iko?"

"Iko mingi. Inaoza. Hakuna mutu wa kuipima na kuikusanya. Tajiri analia kila siku juu ya mawese."

"Mimi najua kupima."

"Njo kitu moja tunajua juu yako."

"Basi napanda mimi."

Akashika ubao wa lori akajivuta juu, na wote wakaona suruali ilivyopasuka, na hakujali. Akakaa juu ya mifuko ya maharagi.

"Unapanda unaenda wapi?" akapiga kelele Euphrasie. "Viateur! Utalala kwa nani kule?"

"Kwa baba yako! Yeye naruhusiwa kumuangalia. Nitamuangalia mpaka achoke!"

Euphrasie akaangalia lori, akamwangalia mama yake, akafanya hesabu yake mwenyewe haraka. Akachukua kikapu mikononi mwa mama, akakirudisha ndani ya nyumba. Aliporudi alikuwa na blanketi na ndizi za kuchoma, akamtupia mume wake juu. "Ukirudi bila mawese, utalala ku dirisha!"

Polycarpe akabaki amesimama na soksi zake. "Na Lundi?" akauliza.

"Mupe mwingine chaki," akasema Viateur.

Marcellin akawasha injini. Lori likatetemeka lote, moshi ukajaza soko. Mama Elisabeth alikuwa ameshaingia dukani, ameshasimama nyuma ya meza, uso wake umegeukia ndani kwa sababu ya yule aliye barabarani.

"Adelaïde!" akalia. "Ambia baba yako, mawese ya kule achovye kijiti mpaka chini ya chungu! Juu banaweka mafuta, chini banaweka maji!"

"Adelaïde!" akajibu Viateur. "Ambia nyanya yako, hii sabuni mupya si tano, ni sita!"

Lakini Adelaïde alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake, mdomo wazi, karatasi ya viberiti imeshika shavuni. Injini ilinguruma. Lori likaanza kuteremka. Viateur akageuka kuangalia barabara ya Walikale, na mama mkwe akiangalia ukuta. Walikuwa wamepeana migongo, na umbali ukiongezeka. Desturi ilikataza uso. Ya migongo na lori linaloondoka, wazee hawakuwa wameyasema.

"Mama!" Viateur akapiga kelele, moja kwa moja, bila mtoto. "Taa ni ngapi?"

"Makumi sita!"

"Utambi?"

"Tano! Jembe makumi tatu! Kwenda, mwanangu, kwenda, batu banangoja chumvi!"